Ugonjwa Uliosemekana Haupo: Kutoka Mulago hadi Tassia

Tassia ni mtaa wa ghorofa ulioko Embakasi, jirani ya Fedha na Pipeline, kando ya barabara ya Outering. Jioni, watu wakishuka kutoka mjini na Industrial Area, vibanda huwa vimeshachangamka: chapati kwa ndengu, githeri iliyokaangwa kwa vitunguu, smokie, mutura, na pembeni mama wa matunda amekata tikiti na embe akazipanga sahanini. Hatua chache mbele pana kemisti. Hapo maradhi ya tumbo yana majina manne: taifodi, ameba, vidonda na gesi. Kila jina lina dawa yake. Mtu ambaye tumbo lake hufura kila jioni, likasokota na kunguruma, leo akaharisha na kesho akafunga choo, anaweza kumeza dawa za majina yote manne asipate nafuu.

Lipo jina la tano. Hospitalini ugonjwa huo hujulikana kwa herufi tatu, IBS. Hapa tutauita utumbo sumbufu. Ni maumivu ya tumbo yanayorudi kila mara pamoja na mabadiliko ya choo, ilhali kamera ikiingizwa haioni kidonda na maabara haimwoni mdudu. Kwa miongo kadhaa mabingwa wa tiba waliamini kwamba ni ugonjwa wa Wazungu, na kwamba Mwafrika, hasa wa kijijini, hana habari nao. Imani hiyo ilipata nguvu zake kubwa kutoka Afrika Mashariki. Baadhi ya maarifa yaliyokuja kuufafanua ugonjwa wenyewe yalitoka huku huku pia, lakini watu waliopimwa hawakuwa wa kwanza kufaidika nayo.

Mizani ya kinyesi

Hugh Trowell, daktari Mwingereza, aliingia Kenya mwaka 1929 katika utumishi wa serikali ya kikoloni. Baadaye alihamia Uganda, akatibu na kufundisha katika hospitali ya Mulago, Kampala. Wengi humkumbuka kwa utafiti wake juu ya kwashakoo. Lakini katika wodi alikuwa akiandika pia orodha ya aina nyingine, ya magonjwa aliyofundishwa London ambayo huku hakuyaona, au aliyaona kwa nadra sana. Mwaka 1960 orodha hiyo ikawa kitabu, Non-Infective Disease in Africa.

Denis Burkitt alifika Uganda mwaka 1946. Alikuwa mpasuaji kutoka Ireland, mwenye jicho moja, kwani lingine lilipotea ajalini akiwa mtoto. Alianzia Lira, kisha akaja Mulago. Mwaka 1958 alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto, na hadi leo saratani hiyo inaitwa kwa jina lake. Ili kujua saratani hiyo ilipatikana wapi na ilikomea wapi, mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari takriban maili 10,000 kwenda kusini mwa Afrika na kurudi, wakipita hospitali moja baada ya nyingine na kuuliza swali lile lile: mnauona ugonjwa huu, au hamuuoni?

Njia hiyo ya kuuliza hospitali ndiyo aliyoichukua aliporudi London katikati ya miaka ya 1960. Huko alikutana na Peter Cleave, aliyekuwa daktari wa jeshi la majini, ambaye alishikilia kwamba sukari nyeupe na unga uliokobolewa ndio mzizi wa maradhi mengi ya nchi tajiri. Burkitt aliikumbuka Mulago na orodha ya Trowell. Akaanza kuwaandikia madaktari wa misheni kote Afrika, akiwaomba wahesabu wagonjwa wa kidole tumbo, wa mawe ya nyongo na wa saratani ya utumbo mpana. Kisha akafanya jambo ambalo madaktari wenzake walilionea haya: akapima kinyesi.

Matokeo yalitoka mwaka 1972 katika jarida la The Lancet. Burkitt aliyaandika pamoja na Alexander Walker wa Afrika Kusini na Neil Painter wa Uingereza. Watu walimezeshwa vipande vidogo vya plastiki vinavyoonekana kwenye eksirei, kisha choo chao kikakusanywa hadi vipande vyote vitoke. Wanakijiji wa Uganda walitoa wastani wa gramu 470 kwa siku, na chakula kilipita tumboni kwa muda wa saa 36 hivi. Mabaharia wa jeshi la Uingereza na wake zao walitoa gramu 104, na safari ya chakula ikachukua saa 83.

Tofauti hiyo, alisema Burkitt, ni nyuzi za chakula. Aliyekula viazi vitamu, maharagwe na nafaka isiyokobolewa alijaza utumbo wake kitu cha kusukuma; aliyekula mkate mweupe aliuacha ukamue hewa tupu. Kwa hoja hiyo moja alifafanua kufunga choo, kidole tumbo, saratani ya utumbo mpana na, pamoja navyo, utumbo sumbufu. Dawa yake ilikuwa rahisi na haikugharimu sana: pumba za ngano. Kitabu chake cha mwaka 1979 cha kuhimiza nyuzi kiliuzwa sana, na pumba zikaingia katika bakuli za kiamsha kinywa kote Uingereza na Marekani.

Asiyekuja hospitalini

Hoja ya nyuzi ilikuwa na ukweli mwingi, na hadi leo sehemu yake kubwa imesimama. Kasoro ilikuwa katika njia ya kuhesabu. Barua za Burkitt ziliuliza hospitali, na hospitali inamjua yule tu aliyefika mlangoni. Mtu wa kijijini alitembea siku nzima kumpeleka mtoto mwenye malaria, au kwa sababu ngiri imembana. Hakutembea siku nzima kwa sababu tumbo linafura baada ya kula maharagwe. Kwa ugonjwa unaoua au unaopasuliwa, daftari la hospitali lilikuwa shahidi mwema. Kwa ugonjwa usioua, usioacha alama kwenye eksirei, na ambao dalili zake watu huona haya kuzitaja, daftari hilo halikuwa shahidi hata kidogo.

Ilibidi watafiti Waafrika waulize watu wenyewe. Mwaka 1995 Olubuyide na wenzake wa Ibadan, Nigeria, walichapisha utafiti uliotumia vigezo vya Manning, yaani orodha ya dalili iliyotungwa Uingereza mwaka 1978, na wakaukuta ugonjwa ambao haukupaswa kuwepo. Mwaka 2002 zamu ikawa ya Nairobi: G. N. Lule na E. O. Amayo walichapisha katika East African Medical Journal makala yenye kichwa kisicho na mzunguko, juu ya utumbo sumbufu kwa Wakenya. Daktari wa Kenya sasa alikuwa na andiko la nyumbani la kumwonyesha mwenzake anayesema maradhi haya ni ya Ulaya.

Majina manne ya kemisti

Kwa nini basi hata baada ya 2002 jina la tano halikuteremka hadi mtaani? Kwa sababu nafasi yake ilikuwa imeshakaliwa, na watatu kati ya wakaaji wake walikuwa na vyeti vya maabara.

Taifodi ina kipimo cha Widal, kilichotungwa na Mfaransa Fernand Widal mwaka 1896. Kipimo hiki hakimtafuti mdudu. Kinatafuta kingamwili ambazo mwili ulitengeneza ulipokutana naye au na ndugu zake. Katika jiji ambako watu wengi wamekutana na wadudu wa jamii hiyo, tone la damu linaweza kuonyesha jibu la ndiyo hata kama mtu haumwi taifodi leo. Ushahidi wa kuaminika zaidi ni kuotesha damu maabara, jambo linalochukua siku na fedha. Widal hujibu haraka na kwa bei nafuu, kwa hiyo Widal ndiyo inayopimwa.

Ameba nayo ina historia yake. Mwaka 1925 mtaalamu Mfaransa Émile Brumpt alidai kwamba ameba za utumboni zinazofanana kama pacha kumbe ni aina mbili: moja hutoboa utumbo, nyingine hukaa kimya bila kumdhuru mwenyeji wake. Wengi hawakumsadiki. Ilipita miaka karibu 70 kabla ya Diamond na Clark, mwaka 1993, kuthibitisha kwamba alisema kweli, na Shirika la Afya Duniani likakubali mwaka 1997. Hadubini ya kawaida haiwezi kuzitofautisha zikiwa katika maganda yao. Kwa hiyo cheti kinachosema ameba imeonekana chooni hakisemi ni ameba ipi, na mtu aliyebeba ile isiyo na madhara hupewa dawa ya Flagyl leo, na baada ya miezi michache akapewa tena.

Vidonda vya tumbo vilipata mdudu wao mwanzoni mwa miaka ya 1980, Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipomgundua Helicobacter pylori, kazi iliyowapa tuzo ya Nobel mwaka 2005. Afrika Mashariki mdudu huyu ni wa kawaida mno, na wengi wanaoishi naye hawana kidonda chochote. Mwenye utumbo sumbufu akipimwa, huenda mdudu akaonekana, naye akabebeshwa lawama ya maumivu ambayo pengine si yake.

Hakuna katika haya kinachosema kwamba taifodi au kipindupindu ni hadithi Nairobi. Maradhi hayo yapo, na njia yake ni maji na choo. Tassia inalijua jambo hilo vizuri. Sehemu kubwa ya mtaa imejengwa juu ya ardhi iliyokuwa ya hazina ya hifadhi ya jamii, NSSF, na ghorofa zilitangulia kupanda kabla ya barabara, mitaro na mabomba ya maji taka kupangwa ipasavyo. Mwaka 2014 mkataba wa NSSF wa zaidi ya shilingi bilioni 5 wa kuweka miundombinu hiyo katika Tassia II ulizua mzozo mkali, Katibu Mkuu wa muungano wa vyama vya wafanyakazi (COTU), Francis Atwoli, akiupinga hadharani. Wakubwa walipovutana juu ya bei, wapangaji waliendelea kununua maji ya mitungi na kuruka maji taka njiani.

Maji machafu yana uhusiano na utumbo sumbufu, na si kwa kuchanganya majina tu. Mwaka 1962 Chaudhary na Truelove wa Oxford walipochunguza wagonjwa 130, karibu robo yao walisema tumbo lao halijakaa sawa tangu walipougua kuhara damu. Mwaka 2000 mji wa Walkerton, Kanada, ulinywa maji yaliyoingiwa na vijidudu, na madaktari waliwafuatilia wakazi kwa miaka: wengi walibaki na utumbo sumbufu muda mrefu baada ya vijidudu kutoweka. Kwa jumla, tafiti zinaonyesha kwamba mtu mmoja katika kila kumi hivi aliyeharisha kwa maambukizi hubaki na hali hii. Kwa hiyo mtu wa Tassia anaweza kweli kuwa aliugua maambukizi mwaka juzi na kutibiwa vyema. Kinachomsumbua leo ni utumbo uliobaki na wasiwasi. Dozi nyingine ya antibiotiki haiondoi wasiwasi huo.

Sukari inayokosa nafasi

Upande wa pili wa historia hii ni sukari, na hapa tunarudi Kampala. Mwaka 1966 G. C. Cook na S. K. Kajubi walichapisha katika The Lancet matokeo yao kutoka Uganda juu ya laktosi, sukari ya maziwa. Baganda wengi waliopimwa, watu wazima wa jamii za kilimo, hawakuwa na kimeng'enya cha kutosha cha kuivunja. Watutsi na Wahima, wa asili ya ufugaji, wengi wao walikuwa nacho. Mwaka huo huo, huko Baltimore, Theodore Bayless na Norton Rosensweig walionyesha tofauti kama hiyo kati ya Wamarekani weusi na weupe. Hadi wakati huo daktari wa Ulaya alidhani kwamba mtu mzima kunywa maziwa bila shida ndiyo kawaida ya binadamu. Kumbe duniani walio wengi ni wale wasioweza. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walipima watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan, wakakuta mabadiliko ya kijeni yanayowawezesha wafugaji wa huku kunywa maziwa ukubwani. Hayakutoka Ulaya, yalizuka hapa, kivyake.

Somo la laktosi lilifungua mlango kwa sukari nyingine. Sukari isiyofyonzwa katika utumbo mwembamba huvuta maji, ikateremka hadi utumbo mpana, na bakteria wakaichachusha na kutoa gesi. Sehemu ya gesi hiyo ni haidrojeni, ambayo huingia katika damu na kutoka kwa pumzi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 iliwezekana kumpa mtu sukari, kumwambia apulize katika mfuko, na kujua kama tumbo lake limeifyonza.

Fruktosi, sukari ya matunda na asali, ilifuata. Mwaka 1978 Andersson na Nygren wa Sweden walieleza wagonjwa wanne walioharisha na kusokotwa na tumbo kwa miaka, wakapona walipoacha fruktosi. Mwaka 1983 Bayless yule yule wa maziwa, pamoja na Ravich na Thomas, alionyesha kwamba hata watu wazima wenye afya huacha sehemu ya fruktosi bila kuifyonza wakipewa kwa wingi. Mwaka 1986 Rumessen na Gudmand-Høyer wa Denmark walipima watu kumi wenye afya: kuna aliyeshindwa na gramu 5, na kuna aliyemaliza gramu 50 bila tatizo.

Walikuta pia kwamba fruktosi ikiandamana na glukosi hufyonzwa vizuri zaidi. Glukosi ina wabebaji wake wenye nguvu ukutani mwa utumbo. Fruktosi peke yake hutegemea zaidi mbebaji mmoja, GLUT5, ambaye ni kama matatu ya saa moja asubuhi kwenye steji ya Tassia: viti vina hesabu, waliochelewa hubaki, na idadi ya viti hutofautiana kutoka mtu hadi mtu. Ndiyo maana sukari ya miwa, ambayo nusu yake ni glukosi na nusu fruktosi, huwasumbua wachache kuliko tikiti, embe au asali, ambamo fruktosi huizidi glukosi. Soda ya Marekani hutiwa sharubati ya mahindi ambamo fruktosi imezidi. Soda ya Kenya kwa kawaida imekuwa ikitiwa sukari ya miwa. Mtu wa Embakasi anayesoma ushauri wa Kimarekani juu ya soda na fruktosi anasoma juu ya chupa nyingine.

Pumba zinageuka

Mwaka 1994 Francis na Whorwell wa Manchester waliwauliza wagonjwa wa utumbo sumbufu jambo ambalo kwa miaka ishirini wachache tu walilitilia shaka: je, pumba zimekusaidia? Asilimia 55 walisema zimewazidishia maradhi. Asilimia 10 tu ndio walioona nafuu. Dawa iliyotungwa kwa kumtazama mkulima wa Uganda ilikuwa imesahau kwamba mkulima yule hakuwa akila pumba za ngano. Ngano ina fruktani, minyororo ya fruktosi ambayo utumbo wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuikata. Vitunguu na vitunguu saumu vina hizo hizo. Maharagwe na ndengu zina minyororo ya jamii nyingine, lakini mwisho wake ni ule ule: bakteria hupata karamu na tumbo hufura.

Huko Melbourne, Sue Shepherd na Peter Gibson waliziweka sukari hizi zote katika kundi moja na mwaka 2005 wakalipa jina la FODMAP. Mwaka uliofuata walitoa taarifa ya wagonjwa 62 wenye utumbo sumbufu na shida ya kufyonza fruktosi: takriban robo tatu walipata nafuu kwa kubadili chakula. Jaribio la mwaka 2014 la Halmos na wenzake, lililowalinganisha wagonjwa 30 kwa milo miwili tofauti, liliunga mkono matokeo hayo.

Orodha za Melbourne ziliandikwa kwa ajili ya meza ya Australia, lakini zikiwekwa juu ya meza ya Tassia zinasema jambo la kufurahisha. Ugali, wali, viazi na sukuma wiki, yaani chakula ambacho maskini wa Nairobi hudharauliwa kwacho, ni vyepesi kwa tumbo la aina hii. Papai, chungwa na nanasi ni salama kuliko tikiti na embe. Kitunguu cha mapishi ndicho mshukiwa mkuu, pamoja na chapati, mandazi na chai ya maziwa mengi. Maharagwe yakilowekwa usiku kucha na maji yale yakamwagwa, hupoteza sehemu ya sukari zake, jambo ambalo akina nyanya walilifanya bila kungoja maabara. Maziwa yakigandishwa yakawa mala au mursik, bakteria huanza kuivunja laktosi kabla mtu hajayanywa.

Haya si marufuku ya maisha. Utaratibu wa Melbourne ni kupunguza vyakula hivyo kwa wiki chache, kisha kurudisha kimoja kimoja ili mtu ajue adui yake ni yupi. Mwenye ugomvi na kitunguu hana sababu ya kuacha maharagwe. Tena, kwa mwenye kipato kidogo, kuacha maharagwe na ndengu bila mbadala ni kuacha protini. Na kuna dalili ambazo hazihusiani na mjadala huu kabisa: damu chooni, kupungua uzito bila sababu, homa, kukosa damu mwilini, maumivu yanayomwamsha mtu usiku, au tumbo kubadilika kwa mara ya kwanza baada ya umri wa miaka 50. Mwenye hayo apite kemisti moja kwa moja hadi hospitalini.

Mwaka 2021 watafiti wa Rome Foundation, jopo la kimataifa linalotunga vigezo vya ugonjwa huu, walichapisha hesabu kubwa kuliko zote zilizotangulia: watu 73,076 katika nchi 33. Nigeria, Ghana, Misri na Afrika Kusini zilikuwamo. Kenya, Uganda na Tanzania hazikuwamo. Kanda iliyotoa gramu 470 za Burkitt na laktosi ya Cook na Kajubi imebaki tena nje ya daftari, na safari hii si lazima tusubiri barua kutoka London. Vigezo vya Rome vinahitaji maswali machache tu: je, tumbo limeuma angalau siku moja kwa wiki katika miezi mitatu iliyopita, je, maumivu yanaendana na kwenda choo, je, choo kimebadilika idadi au umbo? Muuguzi wa zahanati yoyote ya Embakasi anaweza kuyauliza kwa Kiswahili kwa dakika mbili. Kuyauliza ni nafuu kuliko Widal, na ni nafuu zaidi kuliko dozi ya tatu ya Flagyl.